Usimulike kwa mtutu

Agosti 2014, polisi waliingia usiku katika nyumba moja huko Kinango, kaunti ya Kwale, wakimsaka mwanamume aliyeshukiwa kwa mauaji. Usiku huo mpwa wake, msichana wa miaka 14, alipigwa risasi akafa. Polisi walieleza kwamba msichana huyo aliwashambulia kwa panga. Maelezo hayo hayakusimama mahakamani: Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani maafisa wawili kwa kuua bila kukusudia, ikamfunga kila mmoja miaka 7. Hiyo ikawa kesi ya kwanza kufikia hukumu ya hatia kwa kazi ya IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Tumeijadili kama kesi ya uwajibikaji, na ndivyo inavyostahili. Lakini ndani yake lipo swali ambalo halijadiliwi, kwa kuwa linaonekana dogo: mtu mwenye bunduki, usiku, mlangoni mwa nyumba isiyo na umeme, anaona nini? Kila inapozuka hoja ya kuwapa polisi vifaa vya kisasa, watu hutaja leza, darubini za usiku na taa za kufungwa kwenye bunduki. Kwa Kwale, naona mpangilio huo umewekwa kichwa chini miguu juu. Kifaa cha kwanza anachohitaji askari wa zamu ya usiku ni tochi ya mkononi, isiyogusana na bunduki kabisa. Taa ya bunduki ifuate, tena kwa masharti. Vifaa vya kulengea vikae mwisho wa foleni.

Kwanza giza lenyewe. Kwale iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na huku hakuna jioni ndefu za kiangazi kama za Ulaya. Jua likizama mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, magharibi hupita upesi na giza hukaa kwa muda wa saa kumi na moja hivi, Januari hadi Disemba. Barabara ya hoteli pale Diani inang'aa usiku kucha, lakini ukishaipita Ukunda na kuingia bara kuelekea Kinango, au ukishika njia za ndani za Msambweni na Lunga Lunga, mwanga unabaki wa mwezi na wa simu. Nyumba nyingi ni za fito na udongo, zimeezekwa makuti au mabati, zina mlango mmoja na madirisha madogo, na chumba kimoja hulala watu wa rika zote. Risasi ya G3 au ya AK, yenye kipenyo cha milimita 7.62, haisimamishwi na ukuta wa namna hiyo. Itapita chumba cha pili na pengine nyumba ya pili. Bunduki zenyewe hazikuundwa kwa kazi hii. Kilengeo cha nyuma cha G3 ni gurudumu lenye matundu madogo ya umbali wa mita 200 hadi 400 na pengo la wazi la mita 100. Ni kifaa cha askari wa Ujerumani aliye uwanjani, mchana, na adui yu mbali. Chumbani, hatua nne kutoka kwa mtu, usiku, askari haoni tundu wala pengo. Anafyatua kuelekea kivuli.

Sheria zetu zinaonekana kulijua hilo kuliko ununuzi wetu wa vifaa. Kifungu cha 119 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema hati ya upekuzi itekelezwe kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama iruhusu saa nyingine. Maana yake ni kwamba usiku unahitaji sababu, na sababu hiyo iletwe mbele ya hakimu. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linaruhusu silaha ya moto pale tu njia nyingine zisipotosha, hasa kuokoa maisha, na linamtaka afisa ajitambulishe na atoe onyo lenye muda wa kutosha kuzingatiwa, ila kama kufanya hivyo kutamhatarisha mtu. Masharti hayo yote yanachukulia kwamba afisa anajua aliye mbele yake ni nani na ameshika nini. Asipojua, kila kifungu kinabaki wino. Oktoba 2022, usiku, katika kaunti ya Kajiado, mwandishi wa habari wa Pakistan Arshad Sharif aliuawa ndani ya gari baada ya kizuizi cha polisi. Maelezo ya polisi yalikuwa kwamba gari lake lilidhaniwa kuwa jingine lililoripotiwa kuibwa. Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado iliamua kwamba kuuawa kwake kulikuwa kinyume cha sheria. Barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga nayo ina vizuizi vya usiku, na anayepita pale ana haki ya kutazamwa kabla ya kudhaniwa.

Sasa taa ya bunduki. Nisiidharau, maana waliobuni kitu hicho walikuwa na tatizo la kweli. G3 ina uzito wa zaidi ya kilo 4. Huwezi kuishika barabara kwa mkono mmoja huku mwingine una tochi. Ukifunga taa chini ya mtutu, mikono yote miwili inabaki kwenye silaha, na mahali unapomulika ndipo risasi itakapokwenda. Taa nzuri za leo hutoa lumeni 500, hata 1,000, na zile zenye kandela nyingi hukusanya mwanga huo katikati kiasi cha kumfanya mtu afumbe macho. Katika sekunde za mwisho, pale ambapo imeshajulikana kuwa mwenye bunduki yumo chumbani, sijui kifaa kinachomfaa afisa kuliko hicho. Tatizo ni kwamba sekunde hizo ni chache mno katika maisha ya askari wa Kwale. Kazi yake ya usiku ni kutafuta njia ya kupita kwenye minazi, kusoma nambari ya gari, kuangalia chini ya kitanda, kumtazama mlevi aliyelala kando ya barabara. Askari aliyepewa taa ya bunduki bila tochi atayafanya hayo yote kwa taa aliyonayo, na kila atakachokimulika atakuwa amekinyoshea mtutu. Amri ya kwanza ya silaha, ile inayofundishwa kabla ya kuvaa sare, ni kutoelekeza bunduki kwa kitu usichokusudia kukipiga. Taa ya bunduki peke yake inamlazimisha aivunje amri hiyo mara kadhaa kila usiku.

Wataalamu watajibu kwamba mwanga wa taa hizo una ukingo mpana, hivyo afisa anaweza kuelekeza mtutu sakafuni na bado akaona chumba kizima. Ni kweli, na kwa aliyefunzwa vizuri inawezekana. Lakini mtu mwenye hofu huelekeza sehemu yenye mwanga mkali zaidi kwa kile anachotaka kukiona. Ndivyo macho yetu yanavyotuongoza. Isitoshe, mbinu ya sakafu inategemea sakafu inayorudisha mwanga. Saruji itaurudisha; udongo mweusi wa nyumba ya kijijini huumeza. Ukuta uliopakwa chokaa nao una kasoro ya upande wa pili: mwanga wa lumeni 1,000 katika chumba kidogo chenye kuta nyeupe humrudia mwenye taa usoni, na jicho lililokuwa limezoea giza, mazoea yanayochukua karibu nusu saa kukamilika, linapotea papo hapo.

Liko pia suala la vidole. Marekani, ambako taa hizi zimeenea kuliko popote, yametokea matukio ya afisa kutaka kuwasha taa akajikuta amefyatua risasi. Mwaka 2010 huko Plano, Texas, mwanamume mmoja aliuawa kwa namna hiyo kulingana na maelezo ya afisa mwenyewe, ambaye taa yake iliwashwa kwa kubana mpini wa bastola. Mwaka 2014 gazeti la Denver Post lilichunguza matukio ya aina hiyo, na mkuu wa polisi wa Denver alipiga marufuku swichi zinazokaa kwenye mpini. Roger Enoka, mtaalamu wa misuli katika Chuo Kikuu cha Colorado, ameeleza kwa nini mambo hayo hutokea hata kwa mtu mwangalifu: mkono mmoja ukikaza, mwingine hukaza pamoja nao, mtu akishtuka au akiteleza, vidole hufunga bila kuomba ruhusa. Kama polisi waliofyatua maelfu ya risasi za mazoezi wanapatwa na hayo, ni vigumu kuamini kwamba askari wetu, ambaye risasi zake za mazoezi kwa mwaka ni chache, atanusurika. Kwa hiyo masharti niliyoyataja ni haya: swichi ikae mbele, chini ya mkono unaotegemeza bunduki, mbali kabisa na kidole cha kufyatulia; na anayepewa taa ya bunduki awe na tochi ya mkononi pia, aipende asiipende.

Pingamizi kubwa dhidi ya tochi ni kwamba mwenye kumulika hujionyesha. Si pingamizi la kupuuza katika pwani hii. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi waliokuwa wamejipanga katika msitu wa Kaya Bombo, Kwale, walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua maafisa na kuiba bunduki zaidi ya 40. Aliyewahi kusimuliwa usiku ule hatamwambia askari atembee akiwaka kama mnara wa taa. Ila lifikirie pingamizi hilo hadi mwisho wake. Adui akiulenga mwanga wa taa ya bunduki, anakilenga kifua na uso wa afisa, kwa sababu taa hiyo iko mbele yake hasa. Tochi ya mkononi inaweza kunyoshwa kando, mbali na mwili, ikawashwa kwa sekunde moja, ikazimwa, na mwenyewe akahama. Mbinu hiyo imefundishwa kwa maafisa wa FBI kwa miaka mingi. Kuhusu uzito wa G3, jawabu ni watu wawili: mmoja anamulika na kuzungumza, mwenzake amekaa pembeni na bunduki yake imeelekezwa chini, tayari. Msako wa usiku haupaswi kuendwa na mtu mmoja hata hivyo. Na nitamke jambo ambalo huenda likawakera wakubwa: mlinzi wa lango la hoteli Diani, mwenye rungu na tochi, mara nyingi ana uwezo mzuri zaidi wa kumtambua mtu gizani kuliko askari mwenye bunduki ya kivita.

Leza na vilengeo vya nukta nyekundu vina mvuto wa sinema, na hapa ndipo fedha za umma zinapoweza kuyeyuka. Nukta nyekundu ni kifaa cha busara: taa ndogo hurushwa kwenye kioo, mpigaji anaona nukta juu ya shabaha huku macho yote mawili yakiwa wazi, na hahangaiki kupanga kilengeo cha nyuma na cha mbele. Kwa shabaha ya mchana kinaongeza kasi. Leza nayo huweka alama juu ya shabaha yenyewe, ya kijani ikionekana kuliko nyekundu kwa kuwa jicho la binadamu linaihisi zaidi rangi hiyo. Lakini vyote viwili vinajibu swali la risasi itapiga wapi. Hakuna hata kimoja kinachojibu nani atapigwa. Nukta iliyowekwa mwangaza wa kupita kiasi usiku huifunika shabaha badala ya kuionyesha. Leza hulivuta jicho kwenye alama, na afisa anaacha kutazama mikono ya mtu, ambayo ndiyo habari pekee anayoihitaji. Kisha kuna pwani yenyewe. Hewa ya Shimoni, Gazi na Msambweni ina chumvi na unyevu. Miguso ya betri huota kutu, kioo hupata kuvu, skrubu hulegea kwa mtikisiko wa gari katika barabara za Kinango, na kifaa kilichosawazishwa Januari kinapiga pembeni ifikapo Aprili. Kilengeo cha chuma hakina betri ya kuisha. G3 na AK za zamani pia hazina reli ya kufungia vifaa hivi, hivyo kila kimoja kitahitaji kibanio chake, na kibanio hafifu ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Tukumbuke bei pia: taa moja ya bunduki ya daraja la juu huko Marekani ni zaidi ya dola 300, na kwa fedha hizo hununuliwa tochi imara kadhaa, zinazotumia betri za dukani au za kuchajiwa.

Kwa raia wachache wenye leseni ya bastola chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, hoja ni ileile, na pengine nzito zaidi, maana wao hufyatua ndani ya nyumba zao. Februari 14, 2013, mjini Pretoria, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, akamuua mpenzi wake Reeva Steenkamp. Alidai gizani alidhani ni mwizi, na kwamba hakujua Reeva alikuwa ameondoka kitandani. Mahakama ya Juu ya Rufaa ya Afrika Kusini ilimtia hatiani kwa mauaji mwaka 2015. Hata tukichukua maneno yake kama alivyoyasema, leza isingemsaidia kitu, na taa ya bunduki isingeupenya mlango. Taa ya kando ya kitanda ingemwonyesha kitanda kitupu.

Lipo pingamizi jingine ambalo nalipa heshima kuliko yote: kwamba msichana wa Kinango hakuuawa na giza, aliuawa na watu, na kuzungumzia tochi ni kuwapa kisingizio. Nakubali nusu ya kwanza. Mahakama ilihukumu watu, na ilifanya sawa. Nusu ya pili siikubali, kwa sababu giza limekuwa ndilo kisingizio chenyewe. Afisa asiye na tochi anaweza kusimama kizimbani na kusema aliona kitu kama panga, na hakuna atakayethibitisha alichokiona. Afisa aliyekuwa na tochi inayofanya kazi, iliyowashwa, hana mlango huo wa kutokea. Mwanga unamlinda raia, na unambana mwenye bunduki kwa kile alichokiona. Ndiyo maana pia usiwe wa upande mmoja. Mtu aliyeamshwa usiku akamulikwa usoni haoni sare wala beji, anaona jua. Majambazi nao hubisha hodi wakisema ni polisi, na hapa Kwale wazee wameuawa usiku majumbani mwao kwa tuhuma za uchawi, kwa hiyo anayenyakua panga mlango unapogongwa si lazima awe na hatia. Mwanga uanze kwa afisa: amulike sare yake, amulike mzee wa mtaa au naibu wa chifu aliyekuja naye, aseme jina na kituo chake, asubiri. Na pale mshukiwa hawezi kukimbia kwa kuwa nyumba imezungukwa, kungoja alfajiri hakugharimu kitu isipokuwa usingizi.

Mafunzo ya haya yote hayahitaji kiwanja cha kulengea shabaha. Yanahitaji darasa lililozimwa taa, watu wawili, bunduki zisizo na risasi, na mtu wa kuigiza mwenye nyumba aliyeshika mara simu, mara mtoto, mara kisu. Afisa aseme anachokiona kabla ya kuruhusiwa kuinua mtutu. Kazi hiyo inaweza kufanyika katika kituo cha Diani au cha Msambweni jioni yoyote, bila kungoja zabuni kutoka Nairobi. Ghalani, tochi iandikwe katika daftari lilelile la bunduki: nambari yake, tarehe ya betri, aliyeichukua, aliyeirudisha. Askari asiyepewa tochi asipewe bunduki kwa zamu ya usiku.

IPOA nayo inaweza kuanza bila sheria mpya. Katika kila faili la mtu aliyepigwa risasi kati ya magharibi na alfajiri, wachunguzi wake waulize mapema, kabla kumbukumbu hazijapangwa upya: kulikuwa na mwanga gani, ulitoka wapi, nani aliushika, na uliwashwa kabla ya risasi au baada yake.